Supu ya pweza na sukari yangu: namjibu dada wa Pangani

Dada mmoja wa Pangani ameniandikia. Kasikia nimeshusha sukari kwa supu ya pweza, anauliza kama aache vidonge. Usiache, dada yangu. Metformini, kidonge cha sukari, mimi mwenyewe nameza mpaka leo.

Kushuka imeshuka, alhamdulillahi. Kile kipimo cha wastani wa miezi 3 kilikuwa asilimia 9.2, sasa 6.7. Shemeji yangu mmoja aliwahi kusema mbele za watu, tena shughulini, kwamba mwenye sukari anangoja kukatwa mguu tu. Nilimpelekea karatasi ya majibu akaisoma mwenyewe. Neno lile bado linaniuma.

Sasa pweza. Ana asidi amino iitwayo taurini, ambayo Wajerumani Tiedemann na Gmelin waliipata kwenye nyongo ya ng'ombe mwaka 1827. Mwili hujitengenezea kiasi, nyingine tunaila: pweza, ngisi, kome, hata paja la kuku. Wenye kisukari wengi wamekutwa nayo pungufu kwenye damu. Katika majaribio, waliopewa taurini ya vidonge, gramu 1 hadi 3 kwa siku, sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilishuka kidogo. Kidogo, jamani, na waliopimwa hawakuwa wengi.

Taurini huyeyuka majini, kwa hiyo ukimwaga maji ya pweza umeimwaga. Mimi namnunua Sahare, hapo Tanga, keshapigwa akalegea. Namtia sufuriani bila maji, anatoa yake mwenyewe, ya zambarau, yanafura povu. Yakikaribia kukauka naongeza maji ya moto, tangawizi, thomu, pilipili manga. Ndimu nakamulia bakulini. Chumvi kiduchu. Chapati wala muhogo siweki pembeni, na hapo ndipo wengi mnapojiharibia: supu mnaisifu, chapati 3 hamzitaji. Kuleni supu, tembeeni jioni, chapati punguzeni.

Nanyi vijana mnaokunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu kwa sababu vina taurini: kopo la mililita 250 huwa na gramu 1 ya taurini na sukari gramu 27 hivi. Acheni.

Dada wa Pangani, kesho meza dawa kama ulivyoandikiwa. Ukienda kliniki mwambie daktari habari ya supu, na ukitaka kununua taurini ya vidonge muulize kwanza, hasa kama unatumia dawa za presha, maana taurini nayo huweza kuishusha.