Akili mnemba imalizie utenzi wa marehemu babu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Mikindani, Mtwara. Babu yetu alikuwa mtunzi wa kaswida. Amefariki na kuacha daftari la utenzi wa sira ya Mtume (s.a.w.), umekomea kwenye Hijra. Sisi wajukuu tunataka akili mnemba iumalizie kwa mtindo wake, kisha iughani kwa sauti yake tuliyonayo kwenye kaseti, usikike siku ya Maulidi. Inafaa?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Allah amrehemu mzee wetu.

Kumalizia kazi ya marehemu si jambo geni kwetu. Tafsiri ya Jalalayn ni ya wanazuoni wawili. Al-Mahalli aliandika kuanzia Suratul Kahf hadi mwisho, pamoja na Fatiha, akafariki mwaka 864 Hijria. As-Suyuti akaandika kuanzia al-Baqara hadi al-Israa, na alipofika mwisho wa al-Israa akaeleza wazi kwamba hapo ndipo alipokamilisha kazi ya mwenzake. Washairi wetu wa pwani nao hutia takhmisa tungo za waliotangulia, yaani huongezea kila ubeti mishororo yao hadi itimie mitano, na msikilizaji anajua mishororo ipi ni ya nani.

Basi kumalizia si haramu. Shida ni kumsingizia marehemu, na kwa utenzi huu iko shida kubwa zaidi. Mashine hukisia neno linaloelekea kufuata, kutokana na maandishi mengi iliyolishwa. Vina vitakaa, mizani minane itatimia kila kipande, na tukio linalosimuliwa huenda halikutokea kabisa. Ungekuwa utenzi wa msimu wa korosho ningelegeza kamba. Huu ni wa Mtume, naye amesema anayemzulia uongo kwa makusudi ajiandalie makazi yake Motoni. Kila ubeti lazima upitiwe na mtu aliyeisoma sira kwa mashehe. (Na mtu huyo akipatikana, mwombeni atunge mwenyewe! Lindi na Mtwara hazijakaukiwa na watunzi.)

Kuhusu sauti, hapo sikubali. Mkimghanisha babu beti asizozitunga, mnamtolea ushahidi ambao hawezi kuukanusha. Najua vijana watanitajia wimbo wa mwaka 2023 wa Beatles, bendi ya Kiingereza. Pale mashine iliitenga sauti ya John Lennon, mwimbaji wao aliyekwisha fariki, na kelele za kanda ya zamani. Alichosikika akiimba alikiimba mwenyewe. Hilo nanyi fanyeni: safisheni kaseti za babu, aghani yale aliyoyaghani.

Kabla ya yote hayo, mmemuuliza nani? Kama marehemu ameacha mtoto wa kiume, nyinyi wajukuu si warithi. Haki ya kazi yake iko kwa watoto wake, wake kwa waume, na mjane wake kama yupo. Waulizeni pia kama mzee aliwahi kusema kwa nini alisimama pale. Kuna mtunzi huacha kwa maradhi, na kuna anayeacha kwa sababu hakuridhika. Akiwa alikataza usiendelezwe, uacheni.

Wakiridhia, mwendelezo uandikwe kwenye daftari jingine, na siku ya Maulidi msomaji asimame ubeti wa mwisho wa babu, aseme: hadi hapa ni yake. Kisha ataje nani au nini kimeendeleza.

Wallahu a'lam.