Barua kwa mwanangu: Philip alikuwa mfalme wa Uingereza au jina tu?

Mwanangu, marahaba. Meseji yako nimeisoma, umeuliza Philip wa Hispania alipomuoa Malkia Mary mwaka 1554 alikuwa mfalme wa Uingereza kweli au jina tu, na kama mkataba wa ndoa ulikataza Waingereza kuburuzwa kwenye vita vyake, ilikuwaje miaka mitatu baadae wanapigana na Ufaransa. Jibu langu ni hili, jina alipewa, madaraka akanyimwa, ila mke alikuwa upande wake na huko ndo alikopitia.

Tafuta picha ya shilingi zao uiangalie vizuri. Sura zao zimetazamana na taji limechorwa juu katikati, halijakaa kichwani kwa yeyote. Kwenye sheria jina la Philip linatangulia, lakini hakutawazwa hata siku moja, na mkataba ulimbana kweli kweli: wageni asiwape vyeo, Mary akifa bila mtoto yeye hana chake, na ugomvi wa baba yake Charles V na Ufaransa usiwahusu Waingereza. Watu walikuwa na hofu naye kiasi kwamba Thomas Wyatt aliongoza uasi hata kabla ya harusi.

Sasa Charles akaachia ngazi, Philip akarithi Hispania na Uholanzi pamoja na vita vyake vyote, mpaka Papa Paul IV kaungana na Wafaransa dhidi yake, na Philip mwenyewe ni Mkatoliki haswa, hebu fikiria. Machi 1557 akarudi Uingereza kwa mke ambaye hakuwa amemuona kwa zaidi ya mwaka, na alichofuata ni askari na hela. Baraza la Malkia likagoma, hazina haina kitu, mavuno yamekuwa mabaya miaka miwili, Mary akawa anawaita wajumbe mmoja mmoja anawabana na bado wanasita. Halafu Aprili muasi wa Kiingereza, Thomas Stafford, akaja kutoka Ufaransa na kikundi kidogo akateka ngome ya Scarborough, huko huko Uingereza. Alikamatwa ndani ya siku chache tu, lakini kwa kuwa ilionekana Ufaransa iko nyuma yake, waliokuwa wanapinga vita wakakosa la kusema, na Juni vita vikatangazwa.

Wakaenda askari kama 7,000 chini ya Earl wa Pembroke. Walipofika Saint-Quentin, mji wa Ufaransa, pigano kubwa la 10 Agosti lilishaisha, Duke wa Savoy alishawavunja Wafaransa kwa niaba ya Philip, wao wakaishia kusaidia kuuteka mji. Sifa zote zikaenda kwa Philip. Gharama ikaja Januari 1558, katikati ya baridi, Duke wa Guise, jemadari wa Wafaransa, akaivamia Calais, mji wa pwani ya Ufaransa ambao Waingereza waliushika tangu 1347, na kwenye wiki moja hivi ukawa umeanguka. Hapo ndo huwa naumia kwa ajili ya Mary, maana vitabu vingi vinamwandika yeye kuwa ndo aliyeipoteza Calais, wakati vita vile havikuwa vyake tangu mwanzo.

Akafa Novemba mwaka huohuo, bila mtoto, na mkataba ukafanya kazi yake, Philip akatoka mikono mitupu. Akamposa Elizabeth, mdogo wake Mary, akakataliwa. 1559 akapatana na Wafaransa pale Cateau-Cambrésis, Calais wakabaki nayo wao, na Philip akamuoa binti wa Henri II wa Ufaransa, mfalme yuleyule ambaye Philip aliwapeleka Waingereza kupigana naye.