Maswali ya Wasomaji: Redio za Zimamoto Hupimwaje?

SWALI: Ninafundisha kompyuta chuoni. Tumekubaliana kwa mdomo na kituo cha zimamoto cha hapa kwamba wanafunzi wanne wapime usalama wa redio koli zao. Tuanzie wapi, na tununue vifaa gani? *Mhadhiri, Mbeya*

JIBU: Mwalimu, hayo makubaliano ya mdomo yatawaponza. Kabla ya kununua hata waya, wekeni karatasi sawa. Mkuu wa kituo anaweza kuwafungulia geti, lakini mtandao wa redio si wake. Idhini itoke makao makuu, kwa maandishi, na upande wenu kisaini chuo, si wewe binafsi. Kunasa mawasiliano bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na "tulikuwa tunatafiti" ni utetezi mwembamba sana mbele ya polisi. Mkikusudia kurusha mawimbi, hata ya nguvu ndogo, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, waulizwe kwanza. Akiwemo mtafiti mgeni kwenye timu, kuna kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) pia.

Ndani ya mkataba zitajwe redio zitakazopimwa, moja moja kwa namba zake, pamoja na saa za kupima. Awekwe ofisa mmoja wa zamu mwenye mamlaka ya kusema "simameni", na simu yake iwe inapokelewa. Moto ukitokea katikati ya kipimo, mnazima vifaa bila mjadala.

Sauti msizitunze. Mazungumzo ya zimamoto yana majina ya majeruhi, nyumba zao na namba za simu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mtafiti pia. Andikeni saa, urefu wa mazungumzo kwa sekunde, chaneli, na kama yalikuwa wazi au yamesimbwa, yaani yamefichwa kwa fumbo ambalo mwenye ufunguo tu hulifungua. Tasnifu nzima inaandikika kwa safu hizo nne.

Halafu muda wa kusubiri kabla ya kuchapisha, ili wenye mtandao wazibe kwanza udhaifu mliouona. Watu wa programu wamezoea siku 90. Kwenye redio hazitoshi, kwa sababu sasisho haliingii lenyewe usiku: mara nyingi kila redio huletwa mezani, huchomekwa waya na kujazwa programu mpya, na za kwenye magari huja kwa zamu ili kituo kisibaki kitupu. Andikeni miezi 6 hadi 12, lakini tarehe ya mwisho itajwe. Mkataba usio na tarehe humruhusu mwenye mtandao kuikalia ripoti mpaka wanafunzi wenu wapate wajukuu.

Sasa meza. Redio ya mkononi ya VHF (masafa yanayotumiwa na redio koli nyingi) kwa kawaida hutoa wati 5. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye kipokezi cha mawimbi kinachounganishwa na kompyuta, unakiua kwa kubonyeza mara moja. Katikati wekeni vipunguza mawimbi viwili vya omu 50, kila kimoja desibeli 30. Nguvu hushuka mara milioni moja, zikabaki mikrowati 5. Kosa la kawaida hapa ni mpangilio. Kinachogusa redio kiwe cha kubeba wati 10. Kile kidogo cha wati 2 kikitangulia huungua, na kikiungua huenda kisitoe moshi wala harufu: namba kwenye skrini huanza tu kuyumba, na watu humaliza wiki wakiilaumu programu. Ishara ikiwa bado nzito mno, ongezeni cha tatu.

Redio huvuja pia kupitia ganda lake. Ifungieni kwenye sanduku la chuma ambalo kifuniko kinagusa pande zote. Kama midomo ya sanduku ina rangi, ikwangueni, kwa sababu rangi hutenganisha chuma na chuma. Kisha peleka redio ya pili chumba cha jirani. Ikisikia, hamjawa tayari.

Na msianze kwa kuvunja mafumbo ya kusimba, ingawa najua wanafunzi watataka hivyo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akiwemo Matt Blaze, walichapisha utafiti wa redio za P25, mfumo wa redio za kidijitali, zinazotumiwa na vyombo vya serikali kuu ya Marekani. Walisikiliza tu, katika miji kadhaa, wakahesabu mazungumzo nyeti yaliyotoka wazi huku wasemaji wakidhani yamesimbwa. Wastani ulizidi dakika 20 kwa siku kwa kila mji. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa: swichi ya siri imekaa upande usiofaa na redio haionyeshi vya kutosha, au mtu mmoja ufunguo wake umepitwa na wakati, basi kundi zima linahamia mazungumzo ya wazi ili naye asikie. Pimeni hilo kwanza. Dawa yake ni rahisi: chaneli ya siri ifungwe iwe ya siri daima, na ya wazi iwe chaneli tofauti yenye jina lake.

SWALI: Kampuni ninayofanyia kazi inatumia TETRA, mfumo wa redio za kidijitali. Muuzaji anasema mtandao umesimbwa, tulale usingizi. Nitahakikishaje? *Fundi wa redio, Mombasa*

JIBU: Ndugu fundi, muulize: daraja la ngapi la usalama, na TEA (fumbo la kusimba la TETRA) ya ngapi? Mtandao wa daraja la 1 haujasimbwa hewani hata kidogo. La 2 hutumia ufunguo mmoja uliowekwa, la 3 hutengeneza ufunguo kila redio inapojitambulisha. Fungua programu ya kupangia redio uone kilichowekwa. Kipeperushi cha muuzaji si ushahidi.

Akijibu TEA1, usilale. Julai 2023 watafiti wa kampuni ya Midnight Blue ya Uholanzi walitangaza kwamba ufunguo wa TEA1, unaoandikwa kuwa wa biti 80, hupunguzwa ndani kwa ndani hadi biti 32. Hizo ni funguo 4,294,967,296. Kompyuta inayojaribu milioni 100 kwa sekunde inazimaliza kwa sekunde 43. Kwa biti 80 za kweli ingehitaji miaka zaidi ya milioni 380. Wahusika walikuwa wameshajulishwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla, ndiyo maana hapo juu tumemwambia mwalimu siku 90 hazitoshi. Mwaka huo huo shirika la viwango la ETSI, lililokuwa limeyaficha mafumbo hayo tangu miaka ya 1990, likaamua kuyaweka hadharani.

TEA1 haitibiki kwa sasisho. Unahama kwenda fumbo jingine, au unaongeza usimbaji wa juu yake, kutoka redio hadi redio. Hapo nako uliza urefu halisi wa ufunguo, ujibiwe kwa maandishi: mwaka 2025 watafiti hao hao walionyesha mfumo mmoja wa aina hiyo uliotaja biti 128 na kutumia 56. Udhaifu mwingine, wenye namba CVE-2022-24401 kwenye orodha ya kimataifa ya udhaifu, ambapo mnara bandia huidanganya redio kuhusu saa ili irudie mfuatano uleule wa kusimba, una sasisho. Omba tarehe redio zako zilipowekewa.

SWALI: Je, mdukuzi anaweza kututumia onyo la uongo la tsunami kwenye simu? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Anaweza, akiwa karibu. Simu hupokea tangazo la dharura kutoka kwenye mnara inaoushika, na tangazo halina saini ya kuthibitisha mtumaji. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walionyesha kwamba minara minne midogo bandia ya wati 1 ingetosha kufikia asilimia 90 ya simu kwenye uwanja wa watu 50,000. Waliwajulisha serikali na kampuni za simu kabla ya kuchapisha, na majaribio waliyafanya ndani ya vizuizi vya mawimbi, onyo lisimfikie mpita njia.

Saini haikuwekwa kwa urahisi kwa sababu hata simu isiyo na laini, au iliyotoka nchi nyingine, inatakiwa ipokee onyo. Onyo likionekana kwenu tu, na mtaa wa pili hawana, lishuku. Ila kama uko ufukweni na tetemeko umelisikia kwa miguu yako, panda juu kwanza, TMA, watu wa hali ya hewa, utawasikiliza ukiwa mlimani.