Muulize Mhazini: Zaka ya chapati, mbegu ya ada, na bahasha namba 214

Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mwalimu mstaafu wa Hesabu, Mlutheri wa Uchagani, na kwa miaka 19 nilikaa kwenye meza ya kuhesabia sadaka ya usharika wetu. Si mchungaji, na theolojia sijaisomea. Ninachojua nimekijua kwa vidole: noti zilizolowa jasho, sarafu zinazonuka dagaa, na mara moja kifungo cha koti ndani ya bahasha ya ahadi, ile yenye namba ambayo msharika hutia sadaka aliyoahidi kwa mwaka. Barua za mwezi huu karibu zote ni za kutoa, kwa hiyo leo habari za ndoa zitasubiri.

*Shikamoo Mama Mhazini. Nakaanga chapati na kuuza chai karibu na stendi. Kwa siku nauza chapati 120 kwa shilingi 500, yaani 60,000. Unga, mafuta, mkaa, ushuru na posho ya binti anayenisaidia vinakula 44,000. Kiongozi wa kikundi chetu anasema zaka ni ya kila kilichopita mkononi, kwa hiyo natakiwa 6,000 kila siku. Mume wangu hasali, na ameanza kununa. Nifanyeje? – Mama Chapati, Kibaha*

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera kwa kuandika matumizi. Wafanyabiashara wakubwa kuliko wewe hawajui hata mkaa wa wiki umekula kiasi gani.

Sasa tupige hesabu. Ukitoa 44,000 kwenye 60,000 unabaki na 16,000. Huyo kiongozi anataka 6,000 kutoka humo, zaidi ya theluthi ya ulichobaki nacho. Siku mvua ikinyesha ukauza chapati 80, umepata 40,000, na kwa kuwa unga ulishakandwa wote, hasara ni yako. Bado atakudai 4,000? Kama zaka ni ya kila kilichopita mkononi, basi keshia wa benki angekuwa amefilisika Jumatatu saa nne asubuhi.

Fungua Kumbukumbu la Torati 14:22. Biblia yetu ya Kiswahili inataja zaka ya "maongeo yote ya mbegu zako". Maongeo, yaani kilichoongezeka. Unga ulioununua jana si ongezeko, ni mtaji uliogeuzwa chapati. Ongezeko lako ni 16,000, na fungu lake la kumi ni 1,600. Kwa siku 26 za kazi inakuwa 41,600 kwa mwezi badala ya 156,000.

Na ukishafika hapo endelea kusoma mpaka mstari wa 29, maana watu wengi huishia pale panapowafaa. Zaka ile mtu aliila na nyumba yake mbele za Bwana kwa furaha. Aliyekaa mbali aliruhusiwa kuuza mazao, akafunga fedha mkononi, akaenda kununua chochote roho yake ilichotamani, na orodha iliyopo pale ingewashtua wazee wetu wa kanisa. Mwaka wa tatu iliwekwa malangoni kwa ajili ya Mlawi (mtu wa kabila lililohudumu hekaluni), mgeni, yatima na mjane. Sijawahi kusikia mahubiri ya zaka yaliyofika hapo. Labda mimi ndiye ninayesinzia.

Utaniuliza kama Mkristo amefungwa na fungu la kumi. Paulo alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakuwatajia asilimia. Aliwaambia kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Mimi fungu la kumi nalitumia kama kamba ya kupimia shamba: bila kamba najijua, nitajipunja au nitampunja Mungu. Ila kamba si ankara. (Na kwa waajiriwa wanaoniuliza kama ni kabla ya kodi au baada: mimi nilitoa kwa kilichofika mkononi, shoga yangu alitoa kabla ya makato, na tumebishana juu ya hilo kwa miaka 20 bila kuacha kunywa chai pamoja.)

Kuhusu mzee wa nyumba. Asiyesali naye ana haki ya kujua fedha za nyumba zinakwenda wapi. Mwonyeshe daftari jioni mkishakula, umwambie hii ni ya unga, hii ya ada, na hii 1,600 ndiyo ninayotaka kumpa Mungu wangu, unaonaje? Akikuambia toa elfu moja, toa elfu moja. Nimeona waume kadhaa walioanza kwa kununa wakaishia kubeba mkungu wa ndizi siku ya mavuno, na sijaona hata mmoja aliyeokoka kwa sababu mkewe alificha hela kwenye kopo la sukari.

*Mama, niko chuo mwaka wa pili. Mtumishi mmoja alisema redioni tupande mbegu ya imani na ndani ya siku 40 mlango utafunguka. Nilituma 350,000 ya ada kwenye namba ya simu aliyoitaja. Leo ni siku ya 63. Je, imani yangu ilikuwa ndogo? – Kijana, Dodoma*

Hapana. Imani yako ilikuwa kubwa kuliko busara yako, na hilo lina dawa.

Mkulima akipanda, anapanda kwenye shamba lake. Wewe umepanda kwenye shamba la mtu mwingine, na anayevuna ni yeye. Najua alikusomea Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani". Kipande kinachofuata amekiruka: "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu". Ghala lile lilikuwa la nafaka, la kuwalisha Walawi. Nehemia aliporudi Yerusalemu alikuta Walawi wamekimbilia kila mtu shambani kwake kwa sababu ghala lilikuwa tupu. Hakuna mahali Malaki alipotaja namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja. Na pana neno la Yesu katika Marko 7, kuhusu watu waliosema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Hakuwasifu. Ada ile mzazi wako aliipata wapi? Kama aliuza mbuzi, basi mbuzi huyo alikwisha kuwekwa wakfu kwa ajili ya shule yako.

Fanya hivi. Tunza ule ujumbe wa muamala. Mpigie huyo mtumishi, umwombe kwa adabu akurudishie, na kama hatarudisha, akupe risiti yenye jina la kanisa. Usishangae simu isipopokelewa. Kisha nenda ofisi ya uhasibu chuoni uombe kulipa kwa awamu, na usimfiche mzazi. Atakasirika siku tatu. Ukimficha atakasirika miaka.

*Nilinunua mkungu wa ndizi kwenye mnada baada ya ibada kwa 40,000, sokoni ni 12,000. Niihesabu 40,000 yote kama sadaka? – Mshindi wa Mnada, Moshi*

Sadaka ni 28,000. Ile 12,000 umeila na nyama.

Utani pembeni, mnada ndiyo sehemu ya ibada ninayoipenda kuliko wimbo wa tatu. Wasioujua: mtu asiye na fedha analeta alichonacho, mayai manne, chupa ya maziwa, jogoo aliyefungwa miguu kwa ugomba. Mzee mmoja mwenye sauti anasimama nje ya mlango: elfu mbili, elfu mbili na mia tano, Mama Upendo ameongeza! Jogoo mmoja wa usharika wetu aliuzwa mara tatu Jumapili moja, kila aliyemnunua akamrudisha mezani, na wa mwisho akampa bibi aliyemleta. Bibi akarudi nyumbani na jogoo wake, na kanisa likapata fedha za mabati. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 na bei ikaporomoka, bahasha zetu zilikuwa nyepesi kama majani makavu. Mayai na maziwa ndivyo vilivyomlipa mwinjilisti.

*Hapa kwetu wanasiasa huja na bahasha nono Jumapili. Tupokee? – Nairobi*

Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alitangaza kwamba fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto zitarudishwa. Waliosema amekosa adabu walikuwepo. Mimi nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Mwanasiasa akitaka kutoa, aweke kwenye kikapu kama sisi, foleni ile ile, kipaza sauti kikiwa kimezimwa. Mtaona wangapi watarudi Jumapili inayofuata.

*Ni dhambi kumuuliza mchungaji mapato na matumizi? Nilipouliza niliambiwa nina roho ya uasi. – Mwanza*

Soma 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi alikuta makuhani wamepokea fedha mpaka mwaka wa 23 wa kutawala kwake na nyufa za hekalu ziko pale pale. Yehoyada kuhani akachukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Lilipojaa walikuja wawili kuhesabu, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Wawili! Hiyo ndiyo kanuni ya meza yetu mpaka leo: hakuna anayebaki na sadaka peke yake, hata akiwa anaenda kuchukua kalamu tu. Mchungaji mmoja aliwahi kunirushia mstari wa 15, kwamba wale wasimamizi wa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Nikamjibu, hao wameshapita kwenye kasha la watu wawili, sisi bado. Na Paulo alimtuma Tito na ndugu wengine pamoja na ule mchango, kusudi mtu asije akawalaumu.

Hapa niseme linalonikera miaka yote. Yesu alisema unapotoa, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Maana yake jina la mtoaji lifichwe. Hesabu ya kanisa ndiyo ianikwe juani. Sisi tumegeuza: nani katoa na nani hajatoa tunatangaza kwa kipaza sauti, halafu fedha zilikokwenda ndiyo siri ya ofisini. Endelea kuuliza, ndugu yangu. Uliza kwenye mkutano mkuu wa usharika, kwa sauti ya upole, na uwe na kalamu.

*Baba alifariki mwaka jana akiwa na miaka 81. Miaka minne ya mwisho alikuwa kitandani. Wazee wa kanisa walifungua daftari wakasema anadaiwa ahadi ya miaka hiyo. Tulichangishana 180,000 pale uani, jeneza likiwa sebuleni, ndipo ibada ikapangwa. Tangu siku hiyo mdogo wangu hajaingia kanisani. Nimwambie nini? – Binti Mkubwa, Tanga*

Pole sana mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nne.

Nitaanza na upande wetu wa meza, maana watu wanadhani wahazini wana mioyo ya mawe. Usharika una mishahara, umeme, paa linalovuja, na sehemu inayopelekwa jimboni na dayosisini iwe mvua iwe jua. Bahasha ilibuniwa ili tujue mwaka utakuwaje. Ila ahadi ni neno mtu alilompa Mungu akiwa mzima. Mtu akilala kitandani, ahadi imelala naye. "Kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo." Hiyo ni 2 Wakorintho 8:12, na ingebandikwa kwenye jalada la daftari lile. Miaka minne hao wazee walipaswa kuwa wanakwenda na kikapu nyumbani kwa baba, kikiwa kimejaa, si kungoja afe wamletee deni. Aliyekosa hapo si baba yenu.

Mdogo wako usimwambie kitu bado. Nenda wewe mwenyewe kwa mchungaji, umweleze ulivyonieleza mimi, kisha umwombe aende yeye kwa mdogo wako, nyumbani, akaombe radhi. Akikataa, andika kwa mkuu wa jimbo.

Nakushauri hivi nikiwa na changu moyoni. Mwaka wangu wa sita kwenye meza tuliamua kusoma majina ya wasiotimiza ahadi. Orodha niliiandika mimi, mwandiko wangu wa mwalimu, mistari imenyooka. Bahasha namba 214 ilikuwa ya mama mmoja wa mtaa wa juu. Kila Jumapili ilikuja na sarafu moja ya shilingi 200, imeviringishwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari ili isitoboe bahasha, kwa sababu bahasha yenyewe aliichukua tena mlangoni baada ya ibada, akaitumia wiki ijayo. Aliahidi 30,000 kwa mwaka. Kufikia Novemba alikuwa amefikisha 9,000 na kidogo. Jina lake lilisomwa la saba.

Jumapili iliyofuata nilifika 213, nikafika 215. Na ile iliyofuata. Nilikwenda kwake Jumatano na kilo mbili za sukari, akanikaribisha, akanichemshia chai, tukazungumza mambo ya mvua. Kanisani hakurudi mpaka alipozikwa. Nilipokabidhi daftari kwa mhazini mpya aliniuliza namba ipi iko wazi, ampe kijana aliyetoka kipaimara. Nikampa 340. Ile nyingine nimemwambia aiache.