Vipaumbele vya kijiji vinapoishia njiani

Ndugu, umeuliza kwa nini wanakijiji wenu wameacha kuhudhuria mikutano ya kupanga maendeleo, ilhali kila mwaka maoni yao huandikwa. Naamini hawajachoka kushiriki. Wamechoka kutoa maoni yasiyoleta majibu. Katika ngazi ya ushiriki yenye vidato 8 aliyoichora Mmarekani Sherry Arnstein, mwandishi wa masuala ya ushiriki wa wananchi, mwaka 1969, kuombwa maoni tu ni kidato cha 4, chini ya kidato cha ubia, yaani kuamua pamoja.

Anzeni na fedha. Wananchi waelezwe kiwango cha bajeti kabla ya kupanga vipaumbele, kwa kuwa orodha isiyo na kikomo humwachia ofisa wa juu kazi ya kuchagua. Jimbo la Kerala, nchini India, lilipoanza kupanga kutoka chini mwaka 1996, liliamua kuzipa serikali za mitaa asilimia 35 hadi 40 ya fedha za mipango, na hapo mikutano ikawa na kitu cha kuamua.

Kinamama, ambao mara nyingi hunyamaza mkutanoni, wakae kwanza peke yao, wachore ramani ya kijiji ardhini kwa kijiti, kisha kila mmoja aweke kokoto kwenye tatizo linalomlemea zaidi. Mradi ukikataliwa, sababu ibandikwe ukutani.