Jibu: Mrehani una maua, Sphagnum haina
Ndugu, umeuliza kwa nini mrehani hutoa maua lakini Sphagnum, ule mmea wa kinamasi unaotoa mboji ya vitaluni, haitoi kamwe. Sphagnum huzaana kwa spora, yaani chembe ndogo za uzazi, na gameti (seli ya uzazi) yake ya kiume lazima iogelee majini kulifikia yai. Mrehani haujali: nyuki akishabeba chavua, mbegu zinapatikana.

Ila kwangu utamu uko kwenye maji. Mrehani huyanyonya kwa mizizi na kuyapandisha kwa mirija ya shina. Sphagnum iliyokomaa haina mizizi wala mirija hiyo. Majani yake yamejaa seli zilizokufa, tupu, zenye matundu, zinazoweza kushika maji hata mara 20 ya uzito mkavu wa mmea wenyewe. Ukiotesha mrehani kwenye mboji ya Sphagnum, changanya chokaa kidogo, maana ina tindikali.