Mdogo wangu, usiielekeze hiyo ngao kwenye Jua!

Wewe wa Masasi, weka gundi chini kwanza. Umeuliza, kwa mfano wako wa maonyesho ya sayansi, barafu ya Europa, mwezi wa sayari ya Jupita, uitengeneze kwa kitu gani, taa ipi ifae kuwa Jua, na kama mwavuli wa foili ulioelekea hiyo taa utazuia mionzi. Huo mwavuli ndio ulioniangusha mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu hapa Mtwara mjini. Wiki tatu nakata bati na foili, hela yangu yote ya kuokota korosho msimu ule imeishia humo. Siku ya maonyesho jaji mmoja, mama mtu mzima, akaugusa mwavuli: "Mwanangu, chembe za mionzi zinatoka wapi?" Nikajibu kwa sauti, "Kwenye Jua." Akasema, "Jua ambalo mwanga wake ukifika kwa Jupita umebaki sehemu 1 ya 25 ya wetu, ndilo linaloipiga Europa kwa mionzi ya siveti 5.4 kwa siku, dozi ya kumuua mtu?" Sikuwa na jibu. Safari ya Dar wakaenda wenzetu wa Lindi. Anayetaka kucheka acheke, ila kwanza amjibu yule mama.

Na yule wa tuisheni bado sijamsamehe. Katuuzia desa la shilingi 5,000, ndani kaandika mionzi ya anga hutoka Juani, basi. Hakuna neno sumaku. Hakuna Io, mwezi mwingine wa Jupita. Alikula hela ya watoto kwa jambo ambalo hakulisoma.

Sasa sikia. Mwezi Io una volkano, na kila sekunde unapoteza angani karibu tani 1 ya gesi yenye salfa. Gesi ikivunjika kuwa ioni na elektroni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, sumaku ya Jupita inazidaka na kuzizungusha pamoja na sayari, raundi moja kwa saa 10 kasoro kidogo. Europa yenyewe inatumia siku 3.5 kuizunguka Jupita. Umewahi kutembea ufukweni Mikindani, kusi linakuvumia kutoka nyuma? Mnaelekea upande mmoja, lakini upepo una mbio kukuzidi, mchanga unakuchapa vigimbi. Europa inachapwa hivyo hivyo, na kwa kuwa uso wake kwa Jupita haugeuki, mgongo ni ule ule siku zote. Ndiyo maana upande huo una weusi na wekundu kuliko wa mbele.

Usije ukauhamishia mwavuli mgongoni ukadhani umemaliza! Elektroni kali kupita zote huenda kinyume na kupiga uso wa mbele, tena chembe zote hizi hujizungusha kwenye mistari ya sumaku, zinakujia kwa pembe nyingi. Sanduku, siyo mwavuli! Europa Clipper, chombo cha Marekani kilichorushwa tarehe 14 Oktoba 2024, kimefungia vifaa vyake vya umeme ndani ya sanduku la aluminiamu na zinki. Na bado hakitakaa pale: kitaizunguka Jupita, kiipitie Europa karibu mara 49, kila mara kikitoka mbio.

Chora mishale ya chembe kwanza, ndipo ukate bati. Na huo mwavuli ung'oe leo hii, kabla gundi haijakauka.